JE, WAJUA? Jaribio moja laweza kujibu maswali matatu kwa mpigo

Leo safu yetu imeshuka Pongwe. Si ile ya pwani ya mashariki ya Unguja, bali ya Jiji la Tanga, kando ya barabara kuu ya kwenda Muheza na Segera, inayojulikana kwa mawe ya chokaa na kiwanda cha saruji. Mada ni jaribio la faktoria, yaani jaribio linalochunguza visababishi viwili au zaidi kwa pamoja. Wanasaikolojia hulitumia sana, watafiti wa kilimo ndio waliolianza, na Tanzania ina mifano yake mizito. Namba zipo, lakini hakuna itakayokushinda.

MISINGI

1. Je, wajua kuwa majaribio mengi tunayoyasikia redioni huuliza swali moja tu? Dawa hii inafanya kazi au haifanyi? Kitabu hiki kinasaidia au hakisaidii? Jaribio la faktoria huweka maswali mawili mezani na kuyauliza siku moja, kwa watu walewale.

2. Kila kisababishi kina viwango vyake. Redio ina viwango viwili: imewashwa au imezimwa. Muda wa kusoma waweza kuwa na vitatu: asubuhi, mchana na usiku. Ukivichanganya, unapata makundi 2 × 3, yaani 6. Kila kundi lina mchanganyiko wake, na hakuna mchanganyiko unaoachwa.

3. Je, wajua kuwa alama "2 × 2" katika ripoti ya utafiti ni ufupisho wenye habari nyingi? Idadi ya tarakimu ni idadi ya visababishi, na kila tarakimu ni idadi ya viwango vya kisababishi chake. "2 × 2 × 3" ni visababishi vitatu na makundi 12.

4. Jaribio la 2 × 2 hujibu maswali matatu. Je, kisababishi cha kwanza kina athari? Je, cha pili kina athari? La tatu ndilo tamu zaidi: je, athari ya kimoja hubadilika kufuatana na kingine? Mawili ya kwanza huitwa athari kuu. La tatu huitwa mwingiliano.

5. Tushike mfano. Tuseme mwalimu wa Pongwe ana wanafunzi 40 wa kidato cha pili, na anataka kujua kama redio inaharibu kumbukumbu, na kama saa ya kusoma ina uzito. Anawagawa kwa kura katika makundi manne ya watu 10, kisha anawapa mtihani uleule wenye alama 20. Namba hizi ni za mfano tu:

- Asubuhi, kimya: wastani 16
- Asubuhi, redio: wastani 14
- Mchana, kimya: wastani 12
- Mchana, redio: wastani 6

6. Athari kuu ya redio inapatikana hivi. Waliosoma kimya wana wastani wa 14 (16 na 12 kwa mbili). Waliosoma na redio wana 10 (14 na 6 kwa mbili). Redio imekula alama 4. Kwa saa, asubuhi ni 15 na mchana ni 9. Mchana umekula alama 6.

7. Sasa tazama tena orodha ileile. Asubuhi redio imepunguza alama 2 tu. Mchana, jua linapochoma na macho mazito, redio hiyohiyo imepunguza 6. Huo ndio mwingiliano. Mwalimu akiulizwa kama redio inadhuru, jibu lake sahihi ni "inategemea", na ana hesabu ya kuonyesha inategemea nini na kwa kiasi gani.

8. Je, wajua kuwa mwingiliano huonekana kwa macho hata kabla ya hesabu? Chora grafu: mstari mmoja wa waliosoma kimya, mwingine wa waliosoma na redio. Mistari ikienda sambamba, hakuna mwingiliano. Ikiachana, ikisogeleana au ikipishana kama njia panda, upo. Grafu ikupe dokezo tu. Hesabu ndiyo itakayosema kama tofauti hiyo ni ya kweli au imeletwa na bahati.

9. Jaribio la faktoria pia ni nafuu. Mwalimu wetu akitaka kulinganisha wanafunzi 20 na 20 kwa redio, kisha wengine 20 na 20 kwa saa, atahitaji wanafunzi 80. Kwa 2 × 2, wanafunzi 40 wanatosha kwa maswali yote mawili, kwa sababu kila mmoja anahesabiwa mara mbili: mara ya kwanza kwa redio, mara ya pili kwa saa.

10. Kura ndiyo uti wa mgongo. Mwalimu akiwaacha wanafunzi wajichagulie, wenye bidii watakimbilia asubuhi kimya, na matokeo yataisifu asubuhi kwa kazi iliyofanywa na bidii. Kura huwatawanya wenye bidii, wavivu, walioshiba na walioamka na njaa katika makundi yote manne.

ASILI YAKE

11. Je, wajua kuwa jaribio la faktoria lilizaliwa kwenye matope? Kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, kilianza majaribio ya mbolea mwaka 1843. Mwaka 1919 kikamwajiri mtakwimu Ronald Fisher, akakuta rundo la kumbukumbu za mavuno ya miongo kadhaa na maswali yasiyokwisha.

12. Enzi hizo wataalamu wengi waliamini kuwa asili iulizwe swali moja tu kwa wakati mmoja. Mwaka 1926 Fisher aliandika kuwa imani hiyo ni potofu kabisa. Hoja yake: asili hujibu vizuri zaidi ikipewa maswali yaliyopangwa kwa pamoja, na mara nyingi ukiiuliza swali moja itagoma kujibu mpaka uulize na la pili.

13. Mwenzake wa Rothamsted, Frank Yates, alichapisha mwaka 1937 mwongozo kamili wa kupanga na kuchambua majaribio ya faktoria. Mwaka 1945 David Finney akaonyesha kuwa, visababishi vikizidi sana, mtafiti anaweza kufanya sehemu tu ya michanganyiko, mradi aichague kwa utaratibu maalumu na akubali kupoteza baadhi ya majibu.

14. Ukitoka Pongwe kuelekea Muheza unaingia nchi ya mkonge. Zao hilo lililetwa mwaka 1893 na Richard Hindorf. Kati ya miche 1,000 aliyoagiza, iliyopona ni 62, nayo ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kufikia miaka ya 1930 mkonge ulikuwa na kituo chake cha utafiti Mlingano, Ngomeni, wilayani Muheza, ambacho leo kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI). Swali la mkulima wa mkonge ni la faktoria kwa maumbile yake: nafasi kati ya miche, mbolea na umri wa kukata jani havifanyi kazi kila kimoja kivyake.

15. Wanasaikolojia waliazima nyenzo hizi baadaye. Binadamu alichukua nafasi ya kipande cha shamba, na mavuno yakawa alama za kumbukumbu, kasi ya kujibu au kiwango cha huzuni. Hesabu iliyotumika ikabaki ileile ya Fisher, iitwayo anova, inayopima kama tofauti kati ya makundi ni kubwa kuliko tofauti za kawaida ndani ya kundi.

MENDE NA WAZAMIAJI

16. Je, wajua kuwa mende wamewahi kuwa washiriki wa jaribio maarufu la saikolojia? Mwaka 1969 Robert Zajonc na wenzake Marekani waliwawashia taa mende ili wakimbie kutafuta giza. Kisababishi cha kwanza kilikuwa njia: nyoofu au yenye kona. Cha pili kilikuwa watazamaji: mende wengine kwenye visanduku vya kuonea, au hakuna mtazamaji. Penye watazamaji, mende walikimbia kwa kasi zaidi kwenye njia nyoofu na wakazubaa kwenye njia yenye kona.

17. Angalia uzuri wa jaribio hilo. Angetumia njia nyoofu peke yake, Zajonc angetangaza kuwa watazamaji husaidia. Angetumia yenye kona peke yake, angetangaza kuwa huvuruga. Majibu yote mawili yangekuwa nusu ya ukweli.

18. Mwaka 1975 Duncan Godden na Alan Baddeley waliwapeleka wazamiaji 18 baharini huko Oban, Scotland. Walijifunza maneno 36 nchi kavu au chini ya maji, kisha wakayakumbuka nchi kavu au chini ya maji. Waliojifunza na kukumbuka nchi kavu walipata wastani wa maneno 13.5. Waliojifunza na kukumbuka majini walipata 11.4. Waliobadilishiwa mahali waliambulia 8.6 na 8.4.

19. Hapo mistari ya grafu inapishana waziwazi. Maji peke yake hayaharibu kumbukumbu, na nchi kavu peke yake haiiokoi. Kilichobeba uzito ni kulingana kwa mahali pa kujifunza na mahali pa kukumbuka. Hata hivyo, mwaka 2021 Jaap Murre alichapisha marudio ya jaribio hilo, na matokeo ya mwanzo hayakujirudia. Umaarufu wa jaribio haulipi kinga.

20. Wazamiaji hao walipitia hali zote nne, moja baada ya nyingine. Mpango wa namna hiyo huitwa wa ndani ya mshiriki: mtu hulinganishwa na nafsi yake. Faida yake ni kuhitaji watu wachache. Hatari yake ni mpangilio: mtu huchoka au huzoea. Ndiyo maana watafiti hubadilisha zamu, wengine waanze na hali hii na wengine na ile.

21. Upo pia mpango mseto. Mwaka 2002 Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao walichapisha utafiti uliofanywa kwa watoto wa shule Bagamoyo. Watoto 358 walipimwa, wakafundishwa mbinu za kufikiri kwa muda usiofika saa moja, wakapimwa tena. Wengine 100 walipimwa mara mbili bila kufundishwa. Kufundishwa au kutofundishwa kulitenganisha watoto, na kabla au baada kulimpitia kila mtoto. Waliofundishwa walipanda zaidi, na hapo ndipo jibu lilipo: katika mwingiliano wa kundi na wakati.

22. Somo la Bagamoyo ni zito kwa wazazi na walimu. Alama za mara ya kwanza peke yake zingewahukumu watoto wengi kuwa wazito. Mafunzo mafupi yalionyesha uwezo ambao mtihani wa kawaida haukuuona.

NYUMBANI: SHULE 350

23. Je, wajua kuwa moja ya majaribio makubwa ya aina hii katika elimu duniani lilifanyika Tanzania? Linaitwa KiuFunza, lilisimamiwa na shirika la Twaweza mwaka 2013 na 2014 katika shule za msingi 350 za wilaya 10. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2019 na Isaac Mbiti, Karthik Muralidharan, Mauricio Romero, Youdi Schipper, Constantine Manda na Rakesh Rajani.

24. Visababishi vilikuwa viwili. Cha kwanza ni ruzuku: shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, zilizofika shuleni moja kwa moja. Cha pili ni motisha: mwalimu wa darasa la kwanza, la pili au la tatu alilipwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto aliyefaulu Hisabati, Kiswahili au Kiingereza, na mwalimu mkuu alilipwa shilingi 1,000.

25. Makundi yalipangwa kwa kura: shule 70 zilipata ruzuku tu, 70 motisha tu, 70 zote mbili, na 140 hazikupata lolote. Hizo 140 ndizo mizani. Bila hizo huwezi kujua kama alama zimepanda kwa sababu ya mradi au kwa sababu mwaka ulikuwa mzuri.

26. Kilichotokea kilishangaza wengi. Ruzuku peke yake haikupandisha alama za watoto. Motisha peke yake ilitoa dalili chache za kusaidia. Zilipokwenda pamoja, watoto walipanda waziwazi, na faida ya pamoja ilizidi jumla ya faida za kila moja. Vitabu bila ari havikufua dafu, na ari bila chaki na vitabu ilifika mahali ikakwama.

27. Fikiria gharama ya kutofanya hivi. Jaribio la ruzuku peke yake lingehitimisha kuwa fedha za shule ni za kupotea bure, na ripoti ingekaa kwenye meza ya waziri ikiwa na mhuri wa sayansi. Ingekuwa kweli kwa herufi, na hasara kwa watoto.

PEMBA: CHUMA, MINYOO NA LUGHA

28. Je, wajua kuwa Pemba imechangia sana elimu ya makuzi ya akili ya mtoto? Mwaka 2001 Rebecca Stoltzfus na wenzake, akiwemo Hababu Chwaya wa Zanzibar, walichapisha utafiti wa watoto 614 wa kisiwa hicho wenye umri wa miezi 6 hadi 59. Kisababishi kimoja kilikuwa madini ya chuma, miligramu 10 kila siku kwa miezi 12. Kingine kilikuwa dawa ya minyoo ya mebendazole, kila baada ya miezi mitatu. Kila kimoja kilikuwa na mwenzake bandia asiye na dawa ndani.

29. Kipimo hakikuishia kwenye damu. Akina mama waliulizwa mtoto anaweza nini: anatembea? anakimbia? anataja vitu kwa majina? anaunganisha maneno? Chuma kilipandisha alama za lugha kwa 0.8 katika kipimo cha alama 20. Dawa ya minyoo ilielekea upande wa kusaidia, lakini kwa kiasi kidogo kisichoweza kutofautishwa na bahati.

30. Kwa viungo, yaani kukaa, kusimama na kutembea, habari ilikuwa nyingine. Chuma kilisaidia watoto wenye upungufu mkubwa wa damu tu, wale walioanza na hemoglobini chini ya gramu 9 kwa desilita ya damu. Wenye damu ya kutosha hawakuonyesha faida. Mwingiliano tena: chuma kilekile, kisiwa kilekile, majibu mawili.

31. Mwaka uliofuata, 2002, jaribio kubwa zaidi lilianza Pemba likiongozwa na Sunil Sazawal. Liliunganisha chuma na asidi ya foliki kwa upande mmoja, na zinki kwa upande wa pili, kwa maelfu ya watoto wa miezi 1 hadi 35. Agosti 2003 makundi yote yenye chuma yalisimamishwa. Watoto waliopewa chuma walikuwa na hatari ya kulazwa au kufariki iliyozidi kwa asilimia 12 ile ya wenzao.

32. Lakini ndani ya jaribio hilo kulikuwa na kundi dogo lililopimwa damu na kutibiwa malaria kwa ukaribu. Humo, watoto wenye upungufu wa chuma walinufaika. Hatari iliwaangukia zaidi wasio na upungufu, kisiwani kwenye malaria kali. Baada ya hapo Shirika la Afya Duniani lilisisitiza kuwa penye malaria, chuma cha watoto kiende sambamba na kinga, uchunguzi na tiba ya malaria. Hapo "inategemea" ni suala la uhai.

33. Ifakara nayo imo. Mwaka 1997 Clara Menéndez na wenzake walichapisha jaribio la 2 × 2 kwa watoto wachanga 832: chuma kila siku, na dawa ya kukinga malaria kila wiki. Chuma kilipunguza upungufu mkali wa damu kwa takribani asilimia 29. Dawa ya malaria ilipunguza kwa asilimia 57, na ikapunguza malaria yenyewe kwa asilimia 60 hivi.

FEDHA NA MOYO

34. Je, wajua kuwa huzuni imewahi kupimwa dhidi ya pesa? Vijijini Kenya, Johannes Haushofer, Robert Mudida na Jeremy Shapiro waliwagawa watu 5,756 kwa kura katika makundi manne: fedha taslimu, ushauri wa kisaikolojia wa wiki tano, vyote viwili, au hakuna. Mwaka mmoja baadaye, waliopata fedha walikuwa na hali bora ya maisha na ya moyo. Ushauri peke yake haukuacha alama ya kupimika, na waliopata vyote walifanana na waliopata fedha tu.

35. Sasa vuka bara hadi Monrovia, Liberia. Christopher Blattman, Julian Jamison na Margaret Sheridan walifanya jaribio la aina hiyohiyo kwa wanaume 999 waliokuwa katika uhalifu na vurugu: tiba ya mazungumzo ya wiki nane, dola 200, vyote, au hakuna. Tiba peke yake ilipunguza uhalifu, kisha nguvu yake ikafifia ndani ya mwaka. Fedha peke yake haikudumu. Tiba pamoja na fedha ilidumu, na miaka kumi baadaye athari yake bado ilionekana.

36. Usikimbilie kusema mmoja kati yao amekosea. Walioshauriwa Kenya walikuwa wanavijiji wa kawaida, na wa Monrovia walikuwa vijana wa mitaani. Ushauri wenyewe ulitofautiana, na urefu wake ulitofautiana. Mahali na aina ya watu navyo ni visababishi, hata kama hakuna aliyevipigia kura.

37. Huko Siaya, Kenya, Haushofer na Shapiro walichanganya mambo matatu katika fedha za kaya maskini zenye nyumba zilizoezekwa kwa nyasi: nani apokee, mume au mke, zije kila mwezi au kwa mkupuo, ziwe kidogo au nyingi. Za kila mwezi zilisaidia zaidi chakula mezani. Za mkupuo zilielekea vitu vya kudumu, kama mabati. Kwa jumla, furaha na utulivu wa moyo vilipanda.

TAHADHARI

38. Je, wajua kuwa mwingiliano una njaa ya watu? Mwaka 2014 Uri Simonsohn alionyesha hivi: kama jaribio la makundi mawili lilihitaji watu 20 kila kundi, basi kuthibitisha kuwa athari hiyo inatoweka kabisa katika hali nyingine kunahitaji angalau watu 40 kila kundi, kwa makundi manne. Kutoka 40 unafika 160. Ule unafuu wa namba 9 hapo juu ni wa athari kuu peke yake.

39. Mwalimu wetu wa Pongwe mwenye watu 10 kila kundi asitangaze mwingiliano kwa shangwe. Wanafunzi wawili wakiwa na homa siku hiyo, picha nzima inageuka.

40. Muralidharan na Romero, walewale wa KiuFunza, walishirikiana na Kaspar Wüthrich kuwaonya wachumi wenzao. Watafiti wengi hupanga jaribio la faktoria, kisha wakati wa kuchambua huuweka mwingiliano kando ili hesabu ya athari kuu ionekane na nguvu. Mwingiliano ukiwepo kweli, hesabu hiyo hudanganya.

41. Tamaa ya visababishi humponza mtafiti. Vitatu vyenye viwango viwili ni makundi 8. Sita ni makundi 64. Zaidi ya hapo, mwingiliano wa visababishi vinne hata mtafiti mwenyewe hushindwa kuueleza kwa maneno ya kawaida. Viwili vilivyochaguliwa kwa makini hushinda vitano vya kubahatisha.

42. Si kila kisababishi kinagawika kwa kura. Jinsia, umri na kiwango cha damu alichoanza nacho mtoto wa Pemba havipangwi na mtafiti. Vinaingia kwenye jedwali kama vingine, ila hukumu yake iwe ya tahadhari: huenda jambo jingine limejificha nyuma yake.

43. Na je, wajua kuwa huwezi kuamka tu na kufanya majaribio kwa watu? Tanzania, kibali cha utafiti hutolewa na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Utafiti wa afya hupita kwenye kamati ya maadili, ikiwemo ile ya kitaifa iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Mtoto hashirikishwi bila idhini ya mzazi au mlezi, na mshiriki ana haki ya kujitoa wakati wowote.

44. Kwa hiyo, msomaji wa Pongwe, Muheza au popote ulipo, siku ukisikia kuwa utafiti umethibitisha mchanganyiko wa vitu viwili unafanya kazi, uliza maswali manne kabla ya kukubali. Lilikuwepo kundi lililopata cha kwanza tu? Lililopata cha pili tu? Lililokosa vyote? Na walipangwa kwa kura? Kundi moja likikosekana, mchanganyiko huo bado haujathibitishwa.